Shajara ya mradi: ndege za kwenye kasha la babu

Jumamosi, 11 Januari 2025: kasha limefunguliwa

Haya, naanza kuandika humu ili mwengine mwenye picha za namna hii asirudie ujinga nitakaoufanya mie, maana najijua.

Paa la nyumba ya Miembeni, hapa Unguja, linavuja, fundi akataka chumba cha nyuma kitolewe kila kitu, na katika kutoa ndio likaonekana kasha la marehemu babu mzaa mama. Juu mna hati za shamba na risiti za karafuu, chini kabisa bahasha ya khaki imejaa picha. Nyingi za harusi na za Idd lakini kumi na moja zina ndege. Zamani kwenda kiwanja cha ndege ilikuwa safari ya ukoo mzima, anasafiri mmoja wanasindikiza ishirini, kwa hiyo kila picha ina watu wamejipanga kama wanahesabiwa na nyuma yao kipande cha ndege: bawa, mkia, mlango, pengine ngazi tu.

Mama alizipitia zote, kila moja akaipa hadithi yake. Hii babu anakwenda Makka kwa Kometi, yaani ndege ya Comet, mwaka 58. Hii mjomba yuko Ujerumani. Na hii niliyoiandika namba 9 ni babu mdogo, ndugu yake babu, anaondoka Pemba 1963 kwenda kusoma Cairo, "na ndio moja kwa moja, hata mama yake alipokufa hakuja." Hilo neno la mwisho sote tumelisikia tangu wadogo. Kwetu babu mdogo hatajwi kwa jina wala kwa kazi yake, hutajwa kwa hilo, yule ambaye hakuja.

Mie nikasema ngoja. Ndege zina aina, na aina zina miaka yake. Nikizijua ndege nitazijua tarehe, na mama atapata picha zenye maandishi ya uhakika chini yake. Nikakadiria wiki mbili na shilingi elfu ishirini. Cheka tu.

Jumanne, 14 Januari: skana ya kwanza, hasara ya kwanza

Nilizipeleka steshenari moja mjini, elfu moja kila picha, jumla 11,000. Kijana akaziweka nne nne kwenye kioo kwa mpigo mmoja, akabonyeza, akanitilia kwenye fleshi, dakika tano kamaliza. Nikafurahi. Nikafika nyumbani nikafungua kwenye laptopu nikavuta karibu herufi za mkiani, zikageuka matofali. Mashine ilikuwa kwenye dpi 150 (nukta kwa kila inchi), inatosha kwa kopi ya cheti cha kuzaliwa, kwa picha ya sentimita sita kwa tisa haitoshi chochote. Halafu ilikuwa na ule mpango wa kung'arisha yenyewe, ikalifanya bodi jeupe la ndege na mbingu nyuma yake kitu kimoja, ukingo wa bawa hauonekani kabisa.

Simlaumu sana, sikumwambia nnachotaka. Lakini elfu kumi na moja imekwenda.

Rafiki yangu aliyefunga ofisi akaniuzia skana yake ya kioo kwa 150,000. Mama hajaambiwa bei. Nilichojifunza baada ya jioni mbili za kujaribu: picha ndogo piga dpi 1200, picha ya saizi ya postikadi 600 inatosha. Zima kila kitu kinachojirekebisha chenyewe. Skani kwa rangi hata kama picha ni nyeusi na nyeupe, kwa sababu doa la chai au la ukungu lina rangi yake na utaweza kulitenganisha na herufi. Hifadhi kwa faili la aina ya TIFF, si JPEG, faili litakuwa kubwa lakini halitafunwi kila ukilifungua na kulihifadhi tena.

Na skani mgongo. Hili nilitaka kuliruka, nikaona karatasi nyeupe tu. Kumbe migongo ndiyo iliyosema zaidi. Mbili zimechapwa neno Velox, hiyo ni karatasi ya Kodak, iliuzwa miaka mingi mno kwa hiyo peke yake haikupi tarehe. Moja ina muhuri wa Capital Art Studio, ile ya Mji Mkongwe iliyokuwepo tangu 1930. Na namba 9 imeandikwa kwa penseli neno moja, "Chake", yaani Chake Chake ya Pemba. Mwandiko wa babu, ile che yake ya mkia mrefu siwezi kuikosea.

Jumamosi, 25 Januari: nimeharibu picha

Bora niseme wazi. Namba 3 ilikuwa na vumbi lililoganda pembeni karibu na uso wa shangazi, nikachukua kitambaa nikakilowesha kidogo tu, nikapangusa. Picha za zamani sura yake imelala ndani ya utando wa jelatini, na jelatini ikipata maji inavimba na kulainika. Shavu la shangazi likaja na kitambaa. Nilikaa pale nalitazama shavu la shangazi kwenye kidole changu, sikuwa na la kusema.

Kwa hiyo: hakuna maji, hakuna mate, hakuna spiriti. Brashi laini ya kupakia poda, mpya, inatosha. Zile mbili zilizogandishwa na gundi kwenye kadibodi ya albamu nilizitoa kwa uzi wa kusafishia meno, unaupitisha chini ya picha polepole kama unakata ubani, saa nzima kwa picha moja. Uzi 3,500. Nikanunua na lenzi ya mkono Darajani 8,000, kwa sababu kuna mambo jicho linayaona kwenye karatasi ambayo skrini haikuonyeshi.

Shangazi mwenyewe yuko hai, nilipompigia akacheka akasema shavu lile lilikuwa na chunusi siku ile, umenisaidia.

Jumapili, 2 Februari: si Kometi

Leo ndio nimeanza kazi yenyewe. Kwanza nilijaribu njia ya mkato, programu ya kwenye simu unailetea picha inakwambia kitu gani. Namba 4 ikaniambia Boeing 737. Ndege ina panka mbili zinaonekana wazi (rafadha kwa wanaosoma vitabu), na wewe unaniambia Boeing 737. Namba 1 ikasema ndege ya vita. Nikaifuta.

Utaratibu uliofanya kazi ni wa kizamani, kujiuliza mambo machache kabla ya kutafuta jina lolote. Bawa liko juu ya bodi au chini? Injini ngapi na zimekaa wapi? Ndege ikiwa ardhini inainama nyuma au imesimama sawa? Madirisha ya mraba, ya duara, ya yai? Baada ya hapo ndio unakwenda kulinganisha na picha za ndege zinazojulikana. Nusu saa ya hayo inashinda siku nzima ya kubahatisha.

Namba 2, 3 na 6 zilitoka haraka: pua juu mkia chini, gurudumu dogo la nyuma, injini mbili za duara, madirisha saba ya mraba ubavuni. DC-3. Ilianza kuruka 1935 na East African Airways, shirika la ndege la pamoja la Afrika Mashariki, waliendelea kuitumia mpaka miaka ya 70, kwa hiyo kuitambua DC-3 ni rahisi ila haikusaidii kitu kwenye tarehe. Hapo ndipo nilipoanza kutilia shaka mpango wangu.

Namba 1 ni nzuri kuliko zote, babu mkuu na kanzu na joho mbele ya kidege chenye mabawa ya ghorofa, moja juu moja chini, yamechongoka ncha, magurudumu yamevishwa kama suruali. Hiyo ni Dragon Rapide ya de Havilland, mbao na turubai, abiria wasiozidi wanane. Ilianza 1934. East African Airways walipoanza kuruka 1946 walianza na hizo hizo. Ubavuni inasomeka VP-K, alama ya usajili wa Kenya ya zama za Mwingereza. Babu mkuu alifariki 1951, kwa hiyo tumebana hapo katikati na siendi mbele zaidi.

Sasa Makka. Mama kasema Kometi, 1958. Ndege ya kwenye namba 4 ina bawa juu ya bodi, injini mbili ndefu nyembamba zinaning'inia chini ya bawa, magurudumu yanatoka kwenye injini hizo hizo, madirisha makubwa ya yai, na ubavuni EAST AFRI, iliyobaki imezibwa na mtu mrefu. Fokker F27 Friendship, ya Uholanzi, shirika lilizipata miaka ya 60 mwanzoni. Comet ni jeti, injini nne zimezikwa ndani ya shina la bawa, hata uitafute panka huioni. Na Comet zenyewe East African Airways walizipata 1960. Kwa hiyo hadithi ya mama imeanguka kote, ndege na mwaka.

Nikamwambia kwa raha zote. Akanitazama. "Mwanangu, wakati ule kila eropleni tukiita Kometi. Na babu yako huyo akipanda hapo kwenda Nairobi, ya kwenda Jidda alipanda nyengine, mie nitajuaje kama si Kometi?" Sikuwa na jibu. Picha inaonyesha ndege iliyosimama mbele ya kamera, haionyeshi ile aliyobadilisha mbele ya safari. Maandishi ya namba 4 nikayabadilisha: F27, Unguja, miaka ya 60, babu akianza safari ya Makka. Neno Kometi nimeliacha kwenye mabano, hadithi ya mama nayo ni sehemu ya picha.

Jumapili, 16 Februari: wiki mbili kwa sababu ya kanga

Namba 8 imenila wiki mbili. Inaonekana F27 kila kitu, lakini mlango wa abiria uko upande wa kulia. Ndege za abiria mlango wa kupandia uko kushoto, ndivyo ilivyo karibu kote duniani, na F27 abiria hupandia kushoto karibu na mkia. Nikaanza kujidanganya kwamba labda ni aina nyengine, labda ndege ya mizigo, labda ya jeshi. Nimetafuta ndege zenye bawa juu na injini mbili mpaka bando la 20,000 limekwisha. Nimeandika maelezo ukurasa mzima wa nadharia, bado ninao, siuonyeshi mtu.

Juzi jioni mke wangu amepita nyuma yangu na chai, akasimama. "Mbona kanga ya huyo bibi imeandikwa kinyume?"

Nikaangalia. Mama mmoja pembeni kavaa kanga, jina la kanga linasomeka toka kulia kwenda kushoto, herufi zimegeuka. Nikaligeuza kwenye laptopu: MGENI NJOO MWENYEJI APONE. Mlango ukahamia kushoto. Aliyechapisha picha aliweka negativu upande usio wake, basi. Wiki mbili.

Sasa kabla ya kuitazama ndege natazama kanga. Kama hakuna kanga natazama vifungo vya shati la mwanamme, saa ya mkononi, usukani wa gari ikiwa gari limetokea, maana kwetu unakuwa kulia. Sisi tuna bahati nchi za watu hawana, akina mama wetu wametembea na maandishi mgongoni karne nzima.

Jumapili, 23 Februari: Ujerumani na si Ujerumani

Namba 7 na 10 zilikuwa ndani ya bahasha moja ndogo yenye stempu za Ujerumani Mashariki, za mjomba aliyekwenda kusoma ufundi kule. Watoto wengi wa Zanzibar walipelekwa huko miaka ile, na wao wakaja huku kujenga nyumba za Kikwajuni na Kilimani.

Namba 10 haina tabu: theluji, mjomba ndani ya koti la mtu mwengine bila shaka, nyuma yake ndege kubwa ya bawa la chini, panka nne, madirisha ya duara. Mwanzo nikasema Viscount ya Waingereza, nayo ina panka nne, ila madirisha ya Viscount ni mayai makubwa na ndege yenyewe ni ndogo zaidi. Hii ni Ilyushin Il-18 ya Mrusi, na mkiani DM, usajili wa Ujerumani Mashariki uliotumika mpaka 1981 kabla hawajahamia DDR. Imekubaliana na kila kitu.

Namba 7 ndiyo iliyonipoteza. Injini nne, mbili mbili pande za mkia, na mkia wenyewe umesimama kama herufi T. Il-62 ya Mrusi, nikaandika, Interflug, shirika la Ujerumani Mashariki, walikuwa nazo tangu 1970, bahasha ni ile ile, nimemaliza. Usiku sikulala vizuri, kuna kitu kilikuwa hakikai. Watu kwenye picha wamevaa mashati ya mikono mifupi na mmoja ana kofia ya kiua. Wajerumani gani hao?

Il-62 ina pacha wake wa Kiingereza, VC10, mpangilio wa injini ni ule ule, kwa mbali unakosea bila aibu. Tofauti mbili nilizozishika: bawa la Il-62 ukingo wake wa mbele una pengo kama jino, la VC10 ni laini. Na Il-62 ikiwa imeegeshwa haina mzigo inashusha mguu mdogo wa nyuma chini ya mkia ili isikae kitako. Hii yangu haina jino, haina mguu. Nikachukua lenzi nikaenda kwenye karatasi yenyewe si kwenye skrini, karibu na mkia: 5H-M, halafu kofia ya kiua imekaa juu ya herufi iliyobaki.

5H ni Tanzania! East African Airways walikuwa na Super VC10 tano, za kuanzia 1966, na mbili kati yake zilisajiliwa Tanzania, 5H-MMT na 5H-MOG. Kwa hiyo ni moja ya hizo mbili, na kofia ya mtu ndiyo inayojua ipi. Mjomba anaagwa, hajafika Ujerumani, na mama anadhani walimsindikiza mpaka Nairobi. Picha iliwekwa kwenye bahasha ya Ujerumani kwa sababu ni safari ile ile. Tena mie nikaiamini bahasha.

Jambo la kukumbuka kwa atakayefuata njia hii: usiione 5X ukasema hii ndege ya Uganda imepotea njia, wala 5Y ukasema hii Kenya. Shirika lilikuwa la wote kwa pamoja, ndege zikagawiwa usajili kwa nchi zote tatu, na zote zilitua kote. Herufi hizi zitakwambia kitu kimoja kikubwa tu, kama ni VP-K au VR-T (ya Tanganyika) ni kabla ya uhuru au karibu yake, kama ni 5 ni baada yake. Shirika lenyewe lilikufa mwanzoni mwa 1977, ikaja Air Tanzania na twiga wake mkiani, na namba 5 ina twiga huyo juu ya Boeing 737, ambayo hata mtoto wangu aliitambua. Programu ile ingeipatia hii.

Jumamosi, 8 Machi: namba 9

Ramadhani, kazi ni baada ya tarawehe tu. Namba 9 niliiacha mwisho kwa sababu ndege inaonekana kidogo, na kwa sababu tarehe yake ilikuwa inajulikana, 1963, kila mtu nyumbani anaijua.

Picha ni ya rangi, imegeuka wekundu. Babu mdogo kavaa suti ya rangi ya mchanga, suruali pana chini. Hapo tu ningeshtuka, lakini mie si mtu wa mitindo. Nyuma yake bawa liko juu, kutoka bawa linashuka mhimili wa kushikilia mpaka chini ya bodi, gurudumu limesimama nje halikunjwi, injini nyembamba imekaa ndani ya bawa na panka yake ina mabapa matatu. Chini ya mhimili watu wamebeba mapakacha.

Twin Otter. De Havilland ya Canada. Inatua popote, na kiwanja cha Pemba barabara yake ni kama kilomita moja na nusu tu, ndege ya kufaa.

Twin Otter ya kwanza duniani iliruka Mei 1965.

Nikasema nimekosea, kwa namna ninavyokosea kwenye mradi huu ndio jambo la kawaida. Ndege inayofanana nayo ni Islander ya Waingereza, bawa juu, injini mbili, magurudumu hayakunjwi. Islander haina ule mhimili, lakini tuseme ninaona kivuli nikakiita mhimili. Nikaitafuta Islander. Iliruka mara ya kwanza Juni 1965. Yaani hata nikikosea, nimekosea kwa mwezi mmoja. Nikaangalia kama imegeuzwa, vifungo viko sawa. Nikaangalia mwandiko, ni wa babu. Nikaizima laptopu nikala daku mapema.

East African Airways Twin Otter zao zilianza mwishoni mwa miaka ya 60 na wao walikwisha 1977, na mstari wa rangi ubavuni ni wao. Kwa hiyo kati ya miaka hiyo kama kumi babu mdogo alisimama kiwanja cha Pemba. Yule ambaye hakuja.

Sijamwambia mama. Sitaki kurudia ya Kometi.

Jumamosi, 12 Aprili: Wete

Idd imepita, nimevuka kwenda Pemba. Nauli kwenda na kurudi 70,000, doti ya kanga na sukari kilo mbili 30,000, bahari ilikuwa mbaya, sitaki kuikumbuka. Toka Mkoani mpaka Wete kwa gari nimelala.

Bibi mdogo, dada yao babu, ana miaka themanini na kitu, macho yamepungua ila kichwa kizima. Nilimwamkia, akaniuliza habari za kila mtu mmoja mmoja mpaka paka, chai ikaja na mkate wa ufuta, na mie nimeshika bahasha. Nilichokuwa nimepanga kumuuliza ni kile ninachouliza tangu Januari: bibi, hii ndege gani na mwaka gani? Nikamuuliza hivyo hivyo.

"Ndege mie sijui, kawaulize wenye ndege." Akaileta picha puani. "Huyu kaka yangu. Kavaa suti ya hitima."

Nikanyamaza.

"Kumzika mama hakuwahi, simu ya kuandikia ilichelewa, si unajua zamani maiti hangojewi. Hitima aliwahi. Kakaa siku tatu, chumba hicho ulichowekea mkoba wako. Hii ndio siku ya kurudi kwake, tumemsindikiza Chake, mie tumbo limenifika hapa," akaonyesha kwa mkono, "mimba ya mamako mdogo, miezi minane."

Mama yangu mdogo huyo ni mwalimu wa skuli pale pale, nikampigia mbele ya bibi. Kazaliwa 1974, cheti anacho. Ndege ilinipa miaka kumi, tumbo la bibi likanipa mwezi.

Nikamuuliza mbona Unguja hatujui. Akachukua muda. "Zama zile kuja na kwenda hakukuwa kwa kutangaza. Kaingia kimya katoka kimya. Kaka yangu mkubwa," anamaanisha babu, "tulimpelekea picha kwa mkono wa mtu." Halafu akaniuliza kama kule Unguja karafuu tumeuza bei gani, na hakurudi tena kwenye habari hiyo, na mie sikumrudisha.

Kwenye meli ya kurudi nilikuwa nawaza ile bahasha ya khaki chini ya hati za shamba. Babu alikuwa nayo. Aliandika "Chake" kwa penseli, hakuandika mwaka, na miaka yote tuliyokuwa tukisema hakuja alikuwa amekaa pale barazani anasikia.

Jumapili, 20 Aprili: kufunga hesabu

Picha kumi zimetambuliwa. Namba 11 ni ngazi tu na miguu ya watu saba, ngazi inafaa ndege yoyote, nimeiandika "ngazi".

Fedha: steshenari 11,000, skana 150,000, lenzi 8,000, uzi wa meno 3,500, bando 20,000, nauli 70,000, zawadi 30,000. Jumla 292,500, si elfu ishirini. Majirani wawili wameshaniletea picha zao za harusi niziskani, kwa hiyo skana huenda ikajilipa, ndege hazitajilipa.

Kama ningeanza upya ningeanza na wazee ndio nije kwenye ndege, na nisingewauliza mwaka. Ningewauliza nani alikuwa na mimba, nani alikuwa ameshakufa, karafuu ilizaa au haikuzaa. Wiki mbili za namba 8 ningezirudisha pia.

Jana nilimpa mama karatasi zote na maandishi yake. Alizisoma kwa mpangilio, kwenye Kometi akatabasamu. Alipofika namba 9 alisoma, "Twin Otter, Chake Chake, 1974, babu mdogo akiondoka baada ya hitima ya mama yake." Akaisoma tena kwa sauti ndogo. Akavua miwani, akaifuta kwa kanga, akavaa, akaitazama picha sio maandishi. Akaniuliza kama inaweza kutolewa kubwa zaidi ya hapo na wekundu ule ukapungua. Nikamwambia inaweza.

Ipo ukutani sebuleni, upande wa kulia wa picha ya babu. Kuchapisha 5,000, fremu 6,000. Jumla sasa 303,500.